Franga za kikundi si za kununua maringo

Jumamosi tunapiga kura juu ya kamera. Nimesoma maandishi yote ya wenzetu wa Gitega, nikanyamaza wiki mbili. Leo nasema wazi: mimi nitapiga kura kukataa mirolesi, na naomba na ninyi mufanye hivyo. Najua kuna watakaokasirika. Wakasirike, tutapatana baadaye. Ila franga zikishatoka hazirudi.

Kwa ambao hawakufuata: tumechanga mwaka na nusu. Kuna vijana waliochanga kwa kubeba matofali, kuna dada aliyechanga kwa kuuza lengalenga. Franga zilizopo zinatosha kamera moja tu iliyokwisha kutumika, na lenzi moja ao mbili. Wa Gitega wanataka mirolesi, ile isiyo na kioo ndani. Sisi wa Muyinga tunataka DSLR ya chini, ile ya wanaoanza. Wao wanasema sisi tuko nyuma. Eti DSLR imekufa, kampuni zenyewe zimeiacha, na kununua DSLR leo ni kununua maiti.

Kwanza tuelewane vitu hivi ni nini, ju naona wengi wanabishana juu ya jina tu. Katika DSLR, mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda juu hadi kwenye tundu unapochungulia. Unachokiona ni mwanga wenyewe, kama kuchungulia dirishani, na kuchungulia hakuli betri. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, sensa inapata mwanga, kioo kinarudi. Njo ule mlio wa "chak". Mirolesi haina kioo. Sensa inafanya kazi muda wote na inakuonyesha picha kwenye skrini ndogo. Kwa hiyo kila dakika unayongoja bwana harusi atabasamu, betri inakwenda.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kina kipimo chake cha betri ambacho kampuni zenyewe zinakifuata. Nikon D3500, DSLR ya chini kabisa ya mwaka 2018, kwa betri moja inapiga picha 1,550. Canon EOS M50, mirolesi ya mwaka huo huo wa 2018, inapiga 235. Sony a6000, ile ambayo yaya mmoja wa Gitega ameisifu sana, ni kama 310 ukichungulia kwenye tundu na 360 ukitumia skrini. Hata Canon EOS 2000D, DSLR ya bei rahisi, inafika 500.

Mutasema katika kazi ya kweli mtu anapata zaidi ya hapo. Ni kweli, lakini na DSLR pia inapata zaidi. Na kama hamuamini kwamba ni skrini inayokula, angalieni kamera moja tu, Canon EOS 250D. Ukichungulia kwenye tundu, picha 1,070. Ukitumia skrini yake, 320. Kamera ni ile ile, betri ni ile ile.

Basi ili M50 ilingane na D3500 inahitaji betri sita hadi saba. Nani atazinunua? Na zitachajiwa wapi? Mwenzetu wa Gitega anachomeka ukutani anakwenda kulala, umeme ukikatika anangoja urudi. Sisi hapa kambini tunapeleka kwa mwenye sola, tunalipa, tunapanga mstari nyuma ya simu 30. Siku ya mawingu, betri moja inashinda pale mchana mzima. Mtu anayesema "si mununue tu betri zingine" hajawahi kusimama kwenye mstari ule.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma. Mwaka jana tulipiga harusi hapa kambini kwa mirolesi ya kuazima. Sitaji aina yake, na aliyetuazima hana kosa lolote. Tulikuwa na betri mbili zilizojaa. Ibada ilichelewa, hotuba zikawa ndefu kama munavyotujua, na vijana hawakuacha kupiga. Ilipofika zamu ya picha ya familia, walikwenda kumwita tate wa bwana harusi, mama mzee wa zaidi ya miaka 80. Alikuwa ameshavaa kitenge chake kipya tangu asubuhi. Alitembea polepole, akashikwa mikono, akakalishwa kwenye kiti katikati, akanyoosha shingo. Mimi nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Betri ya kwanza ilikuwa imekwisha zamani, na hii ya pili nayo ikaisha palepale. Mtu akatoa simu, lakini jua lilikuwa limezama na picha ikatoka kivuli kitupu. Mama mzee akasema si neno, tutapiga siku ingine. Miezi minne baadaye tulimzika. Kwenye matanga familia iliniuliza kama sina hata picha moja. Sikuwa nayo.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba betri ni jambo dogo.

Nije kwenye hoja zingine za Gitega, moja moja.

Wanasema mirolesi ni nyepesi. D3500 na betri yake na kadi ina gramu 415. M50 ina karibu gramu 390. Gramu 25! Kweli, lenzi za M50 ni ndogo zaidi na mfuko utapungua kidogo. Lakini sisi tunaobeba maji kutoka bombani tusilalamike juu ya hilo.

Wanasema picha ni safi zaidi. Hapana. D3500 ina megapikseli 24.2, M50 ina 24.1, na sensa zao zina karibu ukubwa ule ule. Na watu wetu wanataka nini? Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ya kuweka ukutani ao ndani ya Biblia. Karatasi hiyo ikichapwa vizuri kabisa inahitaji megapikseli 2 hivi. Kamera zote mbili zinazo mara kumi na zaidi.

Wanasema DSLR imekufa. Ni kweli Nikon haitengenezi tena D3500. Lakini tazameni na upande wao. Canon ilianzisha ukoo wa EOS M mwaka 2012, na mwaka 2023 ikaufunga. Lenzi zake haziingii kwenye mirolesi mpya za Canon. Ile M50 munayoitamani nayo ni maiti, ila ni maiti ya ujana. Lenzi za Canon za EF zipo tangu 1987 na zinaingia kwenye 2000D bila adapta. Nikon F ipo tangu 1959, ingawa nisiwadanganye: D3500 haina mota ndani, kwa hiyo lenzi za zamani nyingi utazungusha kwa mkono mwenyewe. Na tangu lini sisi tukaogopa kitu cha zamani? Suruali tulizovaa ni caguwa. Gari linalotuleta Gitega kupitia Karuzi ni Toyota iliyozeeka kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Tunalipanda ju linafika.

Halafu vumbi. Wanaojua Gasorwe mwezi wa saba wanajua ninachosema. Ukitoa lenzi ya DSLR, kioo na pazia lake vinasimama mbele ya sensa. Mirolesi nyingi, ukitoa lenzi, sensa iko wazi inakutazama, na vumbi jekundu linaingia moja kwa moja.

Sasa niseme ukweli wa upande wao pia, ju sitaki kushinda kwa bongo. Mirolesi inaweza kupiga kimya kabisa, na kwenye maziko ao maombi hilo ni heshima. Inakuonyesha giza na mwanga wa picha kabla hujabonyeza, kwa hiyo anayejifunza hakosei sana. Nyingi zinashika macho ya mtu anayetembea vizuri kuliko DSLR za chini. Na kwa video sina cha kubisha: D3500 na 2000D hazina hata tundu la mikro. Vijana waliokwenda kurekodi wapiga ngoma wa Gishora wako na haki kutaka mirolesi. Kama tungekuwa tunanunua kamera ya video, ningewapigia kura mimi wa kwanza.

Lakini hatukuchanga kwa ajili ya video. Someni daftari la mkutano wa kwanza. Tuliandika: picha za familia, za harusi, za wanafunzi wanaomaliza, na za wazee. Na tuliandika hivyo kwa sababu. Sisi wengi tulikimbia bila hata picha moja. Mwaka 2025 tena tumeona watu wakivuka Rusizi kutoka Kivu wakiwa na mtoto mgongoni na nguo walizovaa tu. Wageni wanakuja kambini na kamera kubwa, wanatupiga, wanaondoka, na picha zetu hatuzioni.

Mara ya mwisho nilipokuja Gitega munakumbuka tulitembelea Makumbusho ya Taifa, yale ya mwaka 1955. Mule ndani kuna picha za zamani za ikulu ya Mwami. Watu wale walikufa zamani na bado tunawaona nyuso. Nilisimama pale nikamfikiria yule mama mzee na kitenge chake kipya.

Pendekezo langu ni hili. Tununue DSLR ya chini iliyotumika, betri moja ya akiba, lenzi ya 50 mm kwa ajili ya nyuso, na franga zitakazobaki zote ziende kwenye kuchapa karatasi. Kamera ikae Gasorwe kwenye shida, na Gitega waichukue kila wanapokuwa na kazi. Siku tukipata franga za video, tutanunua mirolesi na nitawapongeza.

Na kama kura itanishinda, nitatii. Ila atakayeibeba hiyo mirolesi kwenye harusi ijayo, tafadhali, awapige wazee kwanza.