Kufuli Tusiloweza Kulisoma

Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walioyabebea majeshi ya Uingereza mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wenyeji hawakuliacha jina hilo kama lilivyokuja. Walilifinyanga kwa ndimi zao, Nairobi likawa Kariokor na Dar es Salaam likawa Kariakoo. Wanaisimu huita jambo hili utohozi. Mimi huliona pia kuwa ni umilikaji. Yafaa basi tujiulize kwa nini hatujakimiliki vivyo hivyo kile chombo kidogo chenye antena kinachokaa juu ya kabati za ofisi zetu, yaani ruta ya mtandao usiotumia waya.

Waya huishia ukutani, lakini mawimbi ya redio hupenya. Katika mtaa uliosongamana, ambako karani wa ofisi na fundi wa viatu vya ngozi hutenganishwa na ukuta mmoja tu, habari za ofisi humfikia jirani. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya ruta ni usimbaji, yaani kuzigeuza habari zisisomeke na asiyehusika. Usimbaji wa WEP, uliotolewa 1997, ulibainishwa udhaifu wake na Fluhrer, Mantin na Shamir mwaka 2001. WPA2 ikafuata mwaka 2004, nayo ikatiwa doa na mtafiti Mathy Vanhoef mwaka 2017. WPA3 ilitangazwa 2018. Ni dhahiri kwamba hakuna kufuli la milele. Kwa sababu hiyo sifa ya pili ni kwamba mtengenezaji aendelee kutoa marekebisho ya programu ya chombo chake. Ruta ya bei nafuu isiyorekebishwa huja kuwa ghali.

Tatu, wageni watengewe mtandao wao, mbali na ule wenye majalada ya ofisi. Nne, mtandao uwe wa kutegemewa. Masafa ya gigahazi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, na majirani wote huzigombania. Yale ya gigahazi 5 yana nafasi zaidi, ila hudhoofishwa upesi na kuta. Ofisi inahitaji ruta yenye masafa yote mawili, pamoja na betri ya akiba umeme unapokatika.

Hata hivyo, sifa zote hizo ni bure iwapo nywila ya kiwandani haikubadilishwa. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilijaribu jozi sitini na ushei tu za majina na nywila za viwandani, ikaviteka vyombo kwa mamia ya maelfu duniani, na mwezi Oktoba ikachangia kuzima tovuti mashuhuri huko Marekani. Hapakuhitajika ujuzi wa ajabu. Milango ilikuwa imerudishwa tu, haikufungwa.

Wako wanaosema kuwa huo ni uzembe wa watumiaji. Kwangu mimi jibu hilo ni jepesi mno. Maelezo yaliyomo katika boksi aghalabu huwa katika Kiingereza cha wahandisi, kwa herufi ndogo. Nitaambiwa kwamba makarani wetu wamesoma Kiingereza. Naam, wamekisoma, lakini kuandika barua ya ofisi ni jambo moja, na kuielewa lugha ya kiufundi ni jambo jingine. Nasi hatukosi istilahi. Nywila, usimbaji na mtandao ni maneno tunayoyafundisha darasani. Kinachokosekana ni kuyaona pale yanapohitajika, kwenye chombo chenyewe.

Walimu hawawezi kulipuuza jambo hili. Ofisi ya shule huhifadhi alama za mitihani, karo na hata habari za afya za watoto, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huitaka shule izilinde. Mwanafunzi aliyefichuliwa siri yake hatafarijika kwa kuambiwa kwamba karani hakuelewa maelezo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 humpa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kunufaika na bidhaa. Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha vyombo hivi kabla ya kutumika nchini. Napendekeza idhini hiyo iambatane na masharti mawili: maelezo ya usalama yawe kwa Kiswahili pia, na pasiwe na nywila moja inayotumika katika vyombo vingi. Uingereza ilikwisha kupiga marufuku nywila za aina hiyo tangu tarehe 29 Aprili 2024.

Wakati tukingoja masharti hayo, walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao waichukue karatasi ya maelezo ya ruta ya shule, waitafsiri, kisha waibandike kando ya chombo. Litakuwa zoezi zuri la tafsiri, na ofisi itapata kufuli ambalo mwenyewe anajua kulifunga.