Mgonjwa Haulizwi Uji, Jaribio Huulizwa

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nyepesi: mtu aliyelala hoi hana haja ya kuombwa ruhusa ili atendewe wema, anayemuuguza na apike tu, kisha amnyweshe. Methali hii inafaa jikoni, na inafaa nyumbani. Je, inafaa pia katika wodi ambamo daktari ana dawa mbili mkononi, moja iliyokwisha kuthibitishwa na nyingine ambayo bado inatafutiwa ushahidi? Katika makala haya ninadai kwamba haifai hata kidogo. Na kwamba mahali popote methali hii inapogeuzwa kuwa kibali cha kufanya utafiti juu ya miili ya maskini, haki imekwisha kuvunjwa, hata kama hakuna aliyefariki.

Nimechagua kuzungumzia Nigeria, kwa sababu huko jambo hili limetokea wazi, limefika mahakamani, na limeacha mafunzo ambayo kila muumini na kila kiongozi wa walei anayewatembelea wagonjwa hana budi kuyafahamu.

1. Hospitali yenye kazi tatu

Hospitali ya kufundishia si sawa na zahanati wala hospitali ya wilaya. Chini ya paa lake hufanyika kazi tatu: kutibu, kufundisha na kutafiti. Nigeria ilianza mapema katika njia hii. Hospitali ya Chuo Kikuu ya Ibadan ilifunguliwa mwaka 1957, miaka 3 kabla ya uhuru wa nchi hiyo, na baada yake zikafuata nyingine katika majimbo mengi.

Kazi hizo tatu husaidiana. Daktari anayefundisha hulazimika kujua sababu ya kila anachokitenda, na daktari anayetafiti hulazimika kupima kile ambacho wengine wanakidhani tu. Hata hivyo, nia za kazi hizo hazifanani. Tabibu anapokikaribia kitanda hujiuliza: ni kipi kitakachomfaa mtu huyu? Mtafiti hujiuliza: mtu huyu atanifunza nini kitakachowafaa wengine kesho? Maswali yote mawili ni halali. Hatari huanza pale mtu yule yule, mwenye koti jeupe lile lile, anapouliza swali la pili huku mgonjwa akiamini kwamba ameulizwa la kwanza.

2. Yaliyotokea Kano mwaka 1996

Mwanzoni mwa mwaka 1996 Nigeria ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa walioandikishwa walizidi 100,000, na waliofariki walikaribia 12,000. Mji wa Kano, kaskazini mwa nchi, uliumia sana. Katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya mji huo, Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa likiwatibu watu bila malipo kwa kloramfenikoli, dawa ya bei nafuu iliyokwisha kuzoeleka dhidi ya ugonjwa huo.

Mwezi Aprili wakafika hapo hapo wataalamu wa kampuni ya Pfizer ya Marekani wakiwa na dawa mpya iitwayo Trovan, ambayo wakati ule ilikuwa bado haijaidhinishwa. Watoto 200 waliingizwa katika jaribio. Watoto 100 walipewa Trovan, na 100 wengine walipewa seftriaksoni, dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki: 5 katika kundi la kwanza na 6 katika kundi la pili. Wengine walibaki na ulemavu. Baada ya wiki chache wataalamu wale wakaondoka.

Habari hizi zilienea duniani mwezi Desemba mwaka 2000, gazeti la Washington Post lilipozichapisha. Hapo ndipo jina la hospitali ya kufundishia lilipoingia. Barua iliyotolewa kama ushahidi kwamba jaribio lilikuwa limepewa kibali ilikuwa na jina la kamati ya maadili ya Hospitali ya Kufundishia ya Aminu Kano, na tarehe ya 28 Machi 1996. Mkuu wa hospitali hiyo akaeleza kwamba wakati huo kamati ya namna hiyo haikuwapo. Tume iliyoundwa na serikali ya Nigeria nayo ilifikia uamuzi kwamba jaribio lile lilikuwa kinyume cha sheria. Lakini taarifa yake ilifichwa, na umma haukuijua hadi mwaka 2006.

Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba familia za Kano zina haki ya kusikilizwa nchini Marekani, kwa kuwa katazo la kumfanyia mtu majaribio ya kitabibu bila ridhaa yake ni sheria ya mataifa yote. Mwaka huo huo kampuni ilipatana na Jimbo la Kano kwa dola milioni 75, bila kukiri kosa. Fidia za kwanza, dola 175,000 kwa kila familia, zilizifikia familia 4 mwaka 2011. Tangu siku ya jaribio ilikuwa imepita miaka 15.

3. Utetezi na upungufu wake

Haki hudai tuwasikilize pande zote mbili. Kampuni ilijitetea kwamba wauguzi waliwaeleza wazazi kwa mdomo, kwa lugha ya Kihausa, nao wakakubali. Kwamba dawa yake iliokoa maisha. Na kwamba vifo na ulemavu vililetwa na ugonjwa wenyewe. Tena ni kweli kwamba idadi ya waliofariki katika makundi mawili ilikaribia kulingana, na kwamba homa ya uti wa mgongo huweza kumwacha mtoto kiziwi au kiwete hata akitibiwa vema.

Tuuchukue utetezi huu kwa uzito wake wote. Tuseme kila mzazi alielezwa. Linabaki swali moja ambalo utetezi huo haulijibu: je, mzazi alijua kwamba angeweza kukataa, akambeba mwanawe hatua chache tu, akatibiwa bure kwa dawa iliyojulikana? Familia zilizoshtaki zilisema hazikuambiwa jambo hilo. Na hapa ndipo kiini cha ridhaa kilipo. Ridhaa ni kujua kwamba kuna mlango mwingine, na kwamba ukiupitia hutaadhibiwa; sahihi na alama ya kidole gumba hufuata baadaye, kama ushahidi wa jambo lililokwisha kuwapo moyoni. Mfa maji haishi kutapatapa. Ukimpelekea kamba moja ataishika, wala hataiuliza imetengenezwa wapi. Kuishika kwake hakuthibitishi kwamba amekubali chochote.

Wapo watakaosema: watu wanakufa kwa maelfu, wakati wa mlipuko si wakati wa kujadili maadili. Mimi naona kinyume chake. Mtu anapokuwa na nguvu na fedha, hujilinda mwenyewe. Ni pale anapokuwa hoi ndipo anapohitaji kulindwa na kanuni. Kanuni inayolegezwa kwa sababu watu wamezidiwa na shida ni kanuni inayowalinda wasioihitaji tu.

Tena madhara hayakuishia kwa watoto wale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 2003 viongozi wa Kano walisimamisha chanjo ya polio kwa miezi kadhaa, wakiituhumu kwamba imetiwa vitu vya kudhuru. Tuhuma hiyo haikuwa ya kweli. Lakini watu walioikumbuka 1996 walikuwa tayari kuiamini. Virusi vikatoka kaskazini mwa Nigeria vikaingia katika nchi zilizokuwa zimekwisha kuvishinda. Watoto waliopooza kwa sababu hiyo hawakuwahi kuandikwa katika daftari la jaribio lolote, lakini nao wamo katika hesabu yake.

4. Utafiti wenyewe si adui

Ningependa msomaji asiifunge karatasi hii akiwa na hasira dhidi ya kila mtafiti. Ugonjwa ule ule wa uti wa mgongo unatufundisha vinginevyo. Mwaka 2003, katika nchi jirani ya Niger, Madaktari Wasio na Mipaka walifanya jaribio katikati ya mlipuko, kwa wagonjwa wapatao 500. Walilinganisha dawa mbili zilizojulikana, ili kupata jibu lililowahusu wagonjwa wenyewe: je, sindano moja tu ya seftriaksoni yafaa kama sindano ya kloramfenikoli? Jibu lilikuwa ndiyo, na zahanati za vijijini zikanufaika. Kumbe mlipuko hauzuii uaminifu.

Kisha ikaja chanjo ya MenAfriVac, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, ikajaribiwa katika nchi za Kiafrika, na kuuzwa kwa bei isiyozidi nusu dola kwa dozi. Ilianza kutolewa Burkina Faso mwezi Desemba 2010, na Nigeria mwaka uliofuata. Aina ya A ya ugonjwa huo, iliyokuwa ikiua maelfu, imekaribia kutoweka katika ukanda wote. Na mwaka 2024 Nigeria ikawa nchi ya kwanza duniani kuanza kutoa chanjo mpya inayokinga aina 5 za vijidudu hivyo, chanjo iliyopimwa kwa watu wa Mali na Gambia. Pasipo Waafrika waliokubali kushiriki, chanjo hizi zisingalikuwapo.

Ibadan nayo ina mfano wake. Kuanzia mwaka 1992 madaktari wa huko, pamoja na wenzao wa Indianapolis, Marekani, waliwatembelea wazee wa mtaa wa Idikan ili kuchunguza ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Walirudi tena baada ya miaka 2, na tena baada ya miaka 5. Wakagundua kwamba wazee wa Ibadan hupatwa na ugonjwa huo kwa kiwango kisichofikia nusu ya kile cha Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ugunduzi huo ulipatikana kwa sababu watafiti walirudi kwenye milango ile ile. Anayerudi hujulikana jina, huulizwa maswali, huweza kulaumiwa. Mtafiti wa namna hiyo ana sababu ya kuwa mkweli tangu siku ya kwanza.

5. Sheria ipo, mfuko hauna kitu

Nigeria haikukaa kimya. Mwaka 2007 ilitoa kanuni za taifa za maadili ya utafiti wa afya, na Sheria ya Afya ya Taifa ya mwaka 2014 inadai ridhaa ya maandishi baada ya mtu kuelezwa. Sheria hiyo hiyo inakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Haya ni mema, na tuyapongeze.

Lakini kwa miaka mingi zaidi ya thuluthi mbili ya gharama za matibabu nchini humo zimetoka katika mifuko ya wagonjwa wenyewe. Mama asiye na fedha ya dawa akiambiwa kwamba anayeshiriki utafiti atapimwa bure, atapewa dawa bure na nauli ya kurudi nyumbani, atatia sahihi karatasi yoyote. Hakuna aliyemdanganya wala kumtisha. Umaskini ndio uliomshika mkono akaandika. Kwa hiyo nadai kwamba kamati ya maadili inayosoma fomu tu imefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza: akikataa, atatibiwa na nani, kwa fedha za nani? Hospitali isiyo na jibu la swali hilo haijawa tayari kutafiti juu ya ugonjwa huo. Huduma ya kawaida itangulie, ndipo utafiti ufuate; vinginevyo utafiti utakuwa mlango wa pekee wa kuingilia wodini, na aliyeusimamia mlango huo hawezi kusema kwamba watu waliingia kwa hiari yao.

6. Wajibu wetu

Sisi tunaowatembelea wagonjwa, mapadre, masista, makatekista na viongozi wa jumuiya, mara nyingi huitwa kuwatuliza na kuwaombea. Tufanye hivyo. Lakini mgonjwa anapotuonyesha karatasi asiyoielewa, tusimwambie atie sahihi kwa sababu madaktari wanajua. Tukae naye, tumsaidie kuuliza mambo haya: Je, hii ni tiba au ni utafiti? Tiba ya kawaida ni ipi, na nitaipata nikikataa? Nani amekitoa kibali, na ofisi yake iko wapi? Nikidhurika, nani atanitunza? Matokeo yakipatikana, nani atarudi kutuambia?

Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo; atafurahi kwamba mgonjwa wake si peke yake. Na yule atakayechukizwa, kuchukizwa kwake kutakuwa jibu la kutosha. Uji tuendelee kuwapa wagonjwa wetu bila kuwauliza. Mengine yote tuwaulize, na tusubiri jibu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

(a) Katika eneo letu, mgonjwa asiye na fedha akifika hospitali, anapokewa namna gani?
(b) Ni nani kati yetu anayeweza kumsomea na kumfafanulia mgonjwa karatasi za hospitali kwa lugha anayoielewa?
(c) Tutafanyaje ili hofu ya majaribio isitufanye tukatae chanjo na tiba zilizothibitishwa?