Tita Halina Umri

Wapo wasemao kwamba kijana wa miaka 15 au 16 awekewe kima chake cha chini cha mshahara, pungufu ya kile cha mtu mzima, ili mwajiri apate moyo wa kumchukua. Hoja hii ina ulimi mtamu, na Uingereza wameifanya sheria: kuanzia Aprili 2025 mwenye miaka 21 aliwekewa pauni 12.21 kwa saa, wa miaka 16 pauni 7.55.

Sisi tuipime kwa mizani yetu, nayo iko Kilosa. Katika mashamba ya mkonge, Kimamba yakiwamo, manamba wa zama za Mwingereza alifanya kazi kwa kipande: siku 30 za kazi zitimie ndani ya siku 42, ndipo alipwe. Mkataji alihesabiwa matita, kila tita majani 30. Ulikuwa utaratibu katili, na mtoto hapaswi kabisa kuwamo katika mkonge. Lakini nauliza: tita la kijana na tita la baba yake yakifika kiwandani, si hutoa singa zilezile?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ikampa mtoto haki ya ujira ulio sawa na thamani ya kazi aliyoifanya. Thamani ya kazi, waungwana, si hesabu ya magego.

Nasi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Amri ya mishahara ya Bara ya mwaka 2022 ilimwekea mfanyakazi wa shambani shilingi 140,000 kwa mwezi. Mtumishi wa nyumbani wa kawaida, alalaye kwa mwajiri, 60,000. Umri haukutajwa. Haikuhitajika kuutaja, maana twawajua waliomo majikoni mwetu: mabinti waliopandishwa basi wangali wadogo. Bei ya chini kabisa imewakuta palepale walipo, na bado yupo atakaye kuishusha!

Kule Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, mama huosha sahani za wasafiri, naye ana binti wa miaka 16. Kima cha kijana kikiteremshwa, mwenye mkahawa atamrudisha mama nyumbani amwite binti. Sahani ni zilezile, wasafiri ni walewale, na chungu cha nyumba ile kimepungua.