Kodi Si Faida: Piga Hesabu Kabla ya Kununua Ploti

Ukitoka Nyeri mjini kuelekea Mweiga, ukikaribia Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, hukosi kuona ploti za bedsita. Wengi wetu tukiziona tunapiga hesabu moja tu: idadi ya vyumba mara kodi. Sisi tunasema hiyo ni nusu ya hesabu, na ile nusu nyingine ndiyo humaliza watu.

Tuchukue mfano. Tuseme umenunua ploti ya vyumba 8, kila kimoja kodi ni shilingi 5,000. Kwa mwezi ni 40,000. Mkopo wa sacco unakatwa 25,000. Kwenye karatasi unabaki na 15,000 kila mwezi. Raha, sivyo?

Sasa tuingize mambo ya ukweli. Chuo kikifungwa, wanafunzi wengi hurudisha funguo. Kwa hivyo weka miezi 9 ya kodi, si 12. Hiyo ni 360,000 kwa mwaka. Keyateka, taka na stima ya nje, tuseme 5,000 kwa mwezi: toa 60,000. Rangi, mabomba na kufuli: toa 40,000.

Halafu kuna KRA. Tangu Januari 2024, ushuru wa nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 kwa anayepata kodi ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hapa ni 27,000. Unabaki na 233,000, lakini sacco inataka 300,000. Umepungukiwa na 67,000, yaani karibu 5,600 kila mwezi kutoka mfukoni mwako.

Na usisahau, ushuru huo hutozwa kodi yote uliyopokea, gharama hazitolewi. Hata ukiwa kwa hasara, tarehe 20 ya mwezi unaofuata inakungoja. Ikiwa gharama zako ni nyingi, unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba unachagua kulipa kwa mfumo wa kila mwaka, ambao huangalia faida.

Hatusemi usinunue. Tunasema hesabu hiyo hiyo inakuonyesha bei unayoweza. Mkopo huo ungekuwa wa 19,000 kwa mwezi, ploti ingejilipa yenyewe. Sasa una sababu ya kurudi kwa muuzaji mwongee tena, au kungoja uongeze akiba ili ukope kidogo.

Kabla ya kutoa pesa, waulize makeyateka watatu wa mtaa huo vyumba hukaa bure miezi gani. Karatina, penye soko na chuo kikuu pia, jibu linaweza kuwa tofauti, na Nanyuki vilevile. Usibebe hesabu ya mji mmoja ukaipeleka mwingine.

Ukishanunua, kodi isiingie kwa laini unayonunulia unga. Chukua nambari ya kulipia ya ploti peke yake, ili statement ikuonyeshe nani amelipa na nani bado. Depoziti nayo iweke kando, kwa sababu hiyo ni pesa ya mpangaji, si mapato yako. Na vyumba vikijaa, tenga kitu cha miezi ile mikavu, kwa maana sacco haina likizo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari unalo mkononi. Lifungue kabla ya kutia sahihi.