Kabla ya kutandika zulia, tazama mbao zilizo chini yake

Nyumba ya bibi yangu iko Mtae, kule ambako milima ya Usambara inakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi unaiona chini kabisa. Ni nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao, na miaka yote sakafu hiyo ilikuwa tupu. Desemba mwaka juzi tukaona aibu. Wageni wa Krismasi wanakuja, mbao zinalia kila ukikanyaga, baridi inapenya kwenye mianya. Mimi na dada yangu tukachanga pesa, tukanunua zulia Lushoto, likapandishwa juu kwa basi.

Fundi tulimpa siku mbili, na mvua za vuli zilikuwa hazijaisha. Akapaka oili chafu, ile inayomwagwa kwenye magari, kwa kuwa inafukuza mchwa na haina gharama. Kesho yake akatandika zulia na kulipigilia misumari kutoka ukuta hadi ukuta. Sote tulimsifu. Mimi ndiye niliyepiga picha.

Kufika Machi, mtoto wa dada, mwenye mwaka mmoja na nusu, alikuwa anakohoa kila usiku. Mchana anacheza vizuri, usiku kifua kinapiga filimbi. Mara mbili alipewa dawa ya mafua. Safari ya tatu muuguzi aliuliza swali ambalo mimi, ninayeandika habari za afya kila wiki, sikuwa nimeliuliza: "Mama, chumbani mnakolala kuna kitu gani kipya?"

Tulipofunua kona ya zulia, harufu ilitupiga usoni. Mgongo wa zulia ulikuwa na madoa meusi, na mbao ukizigusa zina majimaji.

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo watu wa Mtae tunaishi navyo: ukungu unaopanda kutoka bondeni asubuhi, na ukungu unaoota kwenye nguo na kuta. Wa kwanza ndio unaomlisha wa pili. Daktari hakusema kwamba zulia ndilo lililomletea mtoto pumu, nami sisemi hivyo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na linasema wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua, pamoja na pumu. Mtoto anayetambaa yuko karibu zaidi na sakafu kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Pua yake iko pale pale.

Nilimpigia simu mjomba wangu, aliyeoa Pangani na kufanya kazi ya kuunda vyombo vya baharini maisha yake yote. Nilidhani mtu anayeishi kwa kuzuia maji ataniambia cha kupaka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mmeoza sakafu?" Bibi alikuwa amekwisha kumsimulia.

Akanieleza kwamba jahazi huzibwa upande wa maji. Mianya ya mbao hutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta. Mwili wa nje hupakwa sifa, mafuta ya papa, na sehemu inayozama hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Lakini juu, watu wanapokaa, hutandikwa mkeka, na mkeka unakunjwa. "Mbao ya sitaha inalowa kila siku, mjomba. Haiozi upesi kwa sababu jua nalo linaiona kila siku. Ninyi mmeilowesha, kisha mkaificha."

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Zulia ni kifuniko. Ukifunika mbao kavu, umefunika mbao kavu. Ukifunika mbichi, umepika ukungu.

Kwa hiyo anza na ukavu. Kwa huku kwetu Januari na Februari, kabla ya masika, ndiyo miezi ya kazi hii. Chukua kipande cha nailoni, kibandike kwenye mbao kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache mchana na usiku. Ukikuta matone chini yake, subiri. Angalia pia matundu ya hewa chini ya sakafu; ya bibi yalikuwa yamezibwa kwa udongo na matofali ili kuku wasiingie.

Kisha ndipo upake, na usipake oili chafu. Haikauki, vanishi haishiki juu yake, na ina mabaki ya metali na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Nguzo ya uzio ni habari nyingine. Kwa ndani tumia vanishi ya sakafu, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Usisahau ncha za mbao, maana huko ndiko zinakonywea maji haraka zaidi, na upande wa chini kama mbao zimeng'olewa. Muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo si wa baridi ya Mtae, ongeza. Mtoto na mama mjamzito walale chumba kingine mpaka harufu iishe. Na acha nafasi ya upana wa kidole kidogo kati ya mbao ya mwisho na ukuta, kwani mbao za nyumba huvimba masika na kusinyaa kiangazi.

Kama sakafu ina rangi ya zamani, usiikwangue kwa msasa mkavu. Huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Lowesha kwanza, watoto wakiwa mbali, na usifagie vumbi. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Mabaki ya mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, yasiende jikoni. Nyingi zina aseniki, na ukizichoma inabaki kwenye moshi na majivu. Marekani, watengenezaji waliacha kuziuza kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003.

La mwisho kuhusu kazi yenyewe, na hili limenikuta kazini mara nyingi kuliko ukungu: tina na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue chupa.

Ukiwa na mtoto anayekohoa usiku, tazama kifua chake akiwa amelala bila shati. Akipumua haraka haraka, sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au midomo ikibadilika rangi, usingoje asubuhi.

Mbao za chumba kile zilitolewa, nyingine kavu za Shume zikawekwa. Mtoto bado ana dawa yake ya kuvuta, lakini usiku mwingi analala. Chini amewekewa mkeka, ambao dada huutoa juani kila Jumamosi. Zulia limekunjwa stoo. Sebuleni bado halijatandikwa, na likitandikwa halitapigiliwa misumari, ili liweze kufunuliwa. Tumekubaliana na fundi aje Januari. Bibi anasema wageni wanakuja Desemba, na ameshauliza mara mbili kama Januari haiwezi kusogezwa.