Fundi wa Makole asibanie mwanga

Fundi seremala mwenye banda uani kwake Makole, jijini Dodoma, hasiti kukopa ili anunue mashine ya kuranda. Ikifika zamu ya taa, anafunga balbu moja katikati ya banda na kuona kazi imekwisha. Hapo ndipo anapokosea.

Mwanga wa balbu hiyo humjia mgongoni, na kivuli chake huangukia palepale anapopima na kukata. Tyubu mbili za LED za futi nne juu ya meza, moja mbele yake kidogo na nyingine nyuma, humaliza tatizo. Kila moja hula takriban wati 18, nusu ya zile tyubu za zamani za wati 36, kwa hiyo LUKU isiwe kisingizio.

Za bei ya chini ziogopwe. Umeme wa TANESCO ni wa hezi 50, na taa iliyotengenezwa ovyo hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, ila msumeno wa duara unaozunguka waweza kuonekana kama umesimama. Mnunuzi aiwashe dukani na kuitazama kwa kamera ya simu. Ikionyesha michirizi, aiache hapohapo.

Zisibandikwe kwenye bati, maana joto la paa hufupisha maisha yake. Zining'inizwe kwa minyororo. Tena fundi umeme azipe laini yake, mbali na ya mashine. Mashine ikizidiwa na breka ikakata, msumeno huendelea kuzunguka kwa muda, na mwenye banda atakuwa bado ameuinamia.