Sindano na Tundu Lake: Kabureta Kuukuu Isihukumiwe Haraka

Pikipiki kuukuu ya njia za vumbi inapoanza kutoa moshi mzito na kunywa petroli kupita kiasi, hukumu hutolewa upesi: kabureta imekufa, na inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo aghalabu ni ya makosa. Vinavyokufa ndani ya kabureta kwa kawaida ni vipande viwili au vitatu tu, vyepesi kuliko ufunguo wa mlango, na mwanafunzi ajuaye kutafuta eneo la duara aweza kueleza sababu yake.

Na uchukuliwe mfano wa Yamaha DT-1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, yenye injini ya mipigo miwili na kabureta ya Mikuni ambayo koo lake lina kipenyo cha milimita 26. Ndani ya koo hilo hupanda na kushuka kizibo cha mviringo kinachovutwa na waya wa akseleta. Chini ya kizibo huning'inia sindano ndefu, nayo huingia katika tundu la jeti ya shaba. Hewa ipitapo kwa kasi katika koo, kanieneo yake hupungua, kama alivyoeleza Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738; ndipo petroli iliyomo katika bakuli husukumwa juu na kupita katika upenyo uliopo kati ya sindano na ukuta wa jeti.

Upenyo huo ndio wenye kisa chote. Sindano haikubanwa, huning'inia tu, na injini inapotetemeka hugongagonga ukuta wa jeti siku nzima. Vumbi jembamba lililoponyoka kichujio cha hewa huwa kama msasa kati yao. Baada ya miaka mingi tundu hupanuka, na mara nyingi halibaki duara bali huwa kama yai.

Je, kupanuka kidogo kuna madhara gani? Tuseme tundu lina kipenyo cha milimita 2.60 na sindano, mahali ilipo nene, ina milimita 2.50. Eneo la upenyo ni takriban milimita za mraba 0.40. Tundu likilika hata kufikia milimita 2.65, eneo hilo huwa 0.61. Badiliko lisiloweza kuonekana kwa macho limeongeza njia ya petroli kwa nusu nzima! Si ajabu basi kwamba watengenezaji wa kabureta hizo huzipanga jeti za sindano kwa herufi na tarakimu, na herufi moja hupishana na inayofuata kwa milimita 0.05 tu. Jeti iliyolika kiasi hicho imekwisha kuwa jeti nyingine, ingawa maandishi yake ni yale yale.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Akseleta ikifunguliwa yote, sindano huinuka sana na kipimo cha petroli huamuliwa na jeti kuu. Pikipiki hukimbia vizuri, na fundi huamini kwamba kabureta ni nzima. Ikirudishwa kwenye mwendo wa wastani, hukohoa na kuchafua plagi. Wengine hubadili jeti kuu kwa ndogo zaidi, na hilo ni kosa la hatari: ugonjwa unabaki pale pale, ilhali katika mwendo wa kasi injini sasa inakosa petroli. Mchanganyiko wenye hewa nyingi mno huunguza. Tena katika injini ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, petroli ikipungua oili nayo hupungua, na pistoni yaweza kukwama kwenye silinda pikipiki ikiwa katikati ya mteremko.

Dawa yake ni kubadili sindano pamoja na jeti yake, kwa namba zile zile za kiwandani. Sindano mpya katika tundu lililolika ni fedha iliyotupwa. Kupitisha waya katika jeti ili kuisafisha kwaweza kuiharibu. Petroli safi na pumzi ya pampu hutosha. Vali ya boya, ikiwa ncha yake imeota mfereji, nayo ibadilishwe. Boya la shaba lililotoboka laweza kuzibwa kwa lihamu kidogo, mradi petroli iliyoingia ndani ikaushwe kabisa kwanza, na ifahamike kwamba lihamu nyingi huongeza uzito na kulizamisha boya.

Wapo wasemao kwamba kununua kabureta nzima ya kuiga ni rahisi zaidi. Wana haki mahali pamoja tu: ikiwa koo lenyewe limelika na kizibo kinachezacheza ndani yake, hewa hupenya pembeni na hakuna jeti itakayoponya. Vinginevyo, kabureta ya kuiga huja na jeti zisizopimwa kwa injini hiyo, na mnunuzi huanza upya kutafuta kipimo alichokuwa nacho tangu awali.

Shule za sekondari zingefanya vema kuomba kabureta chakavu kutoka kwa mafundi wa jirani. Sindano ikishikiliwa katika kina kile kile, maji ya kipimo kimoja yapitishwe katika jeti kuukuu, kisha katika jeti mpya, na muda uandikwe. Petroli isitumiwe ndani ya darasa. Maji yatosha, kwa kuwa kinachotafutwa ni tofauti ya muda kati ya jeti hizo mbili.